Alfred Hauptmann: Mganga wa Kifafa Aliyefukuzwa Nchini Mwake

Mwaka 1912 bendera ya Wajerumani ilikuwa bado ikipepea Shangugu, mahali tupaitapo leo Cyangugu katika Wilaya ya Rusizi, pale mto unapotoka Ziwa Kivu na kuanza safari yake kuelekea Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya mto walikuwako Wabelgiji. Huko Kigali mkubwa wa serikali ya Wajerumani alikuwa Richard Kandt, mtu aliyekaa miaka kadhaa Shangi, kando ya ziwa, jirani na Shangugu, na ambaye kwa kazi aliyoisomea alikuwa mganga wa magonjwa ya akili. Mwaka huo huo, mbali sana na Kivu, katika mji wa Freiburg kusini mwa Ujerumani, mganga mwingine wa kazi hiyo hiyo, kijana ambaye hakuwa bado ametimiza miaka 32, alichapisha katika gazeti la waganga la Munich kurasa chache juu ya dawa mpya ya usingizi. Jina lake lilikuwa Alfred Hauptmann. Kurasa zile chache ndizo zilizoleta dawa ambayo hata leo humezwa na wagonjwa wengi wa kifafa katika Afrika Mashariki.

Tumeona vema kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi maisha ya mtu huyu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alikuwa mganga wa jeshi aliyetumikia nchi yake vitani, kisha nchi hiyo ikamtupa. Ya pili yahusu jambo linalosemwa kwa sauti ya chini makambini na vituoni, nalo ni kwamba vidonge vya kifafa huua uanaume. Wako vijana ambao wamevitupa vidonge hivyo chooni kwa ajili ya neno hilo, na baadhi yao wakaokotwa barabarani au motoni. Neno lenyewe lina ukweli ndani yake na lina uongo ndani yake, na hapana njia nzuri ya kuvitenga hivi viwili kuliko kufuata historia ya dawa yenyewe na ya mtu aliyeileta.

Hauptmann alizaliwa tarehe 29 Agosti 1881 katika mji wa Gleiwitz, jimbo la Silesia, ambao siku hizi umo Poland na huitwa Gliwice. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alisomea uganga, akafanya kazi Heidelberg, kisha Hamburg chini ya Max Nonne, aliyekuwa bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, na halafu akahamia Freiburg katika hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoongozwa na Alfred Hoche. Jina hilo la Hoche tunamwomba msomaji alishike, maana litarudi.

Katika hospitali za namna ile wenye kifafa walikuwa wengi. Siku hizo waliwekwa pamoja na vichaa, ingawa wengi wao akili zao zilikuwa timamu kabisa mradi hawajaanguka. Dawa waliyopewa ilikuwa chumvi iitwayo bromidi ya potasiamu, na jinsi chumvi hiyo ilivyoingia katika uganga ni kisa chenye kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja.

Yuko mganga mmoja wa Kiingereza, Sir Charles Locock, aliyekuwa mzalishaji wa Malkia Victoria. Tarehe 11 Mei 1857, katika mkutano wa chama cha waganga mjini London, Locock alieleza kuwa aliwahi kusoma habari za Mjerumani mmoja aliyekunywa bromidi akaona nguvu zake za kiume zimetoweka kwa muda, na alipoacha kuinywa zikarudi. Waganga wengi wa zama zile waliamini kwamba kifafa huletwa na ashiki, na kwamba kijana anayejichezea mwilini atakuja kuanguka. Basi Locock alifikiri kwamba dawa inayolaza tamaa italaza na kifafa. Akawajaribu wanawake kumi na wanne au kumi na watano ambao kifafa chao kilifuata siku zao za mwezi, na isipokuwa mmoja tu, wote walipata nafuu.

Fikira yake ilikuwa ya makosa tangu mwanzo hadi mwisho. Kifafa hakiletwi na ashiki. Ni hitilafu ya ubongo, ambamo chembe nyingi za fahamu hufyatuka kwa wakati mmoja kama kikosi kizima kilichopiga risasi bila amri. Hitilafu hiyo yaweza kuletwa na jeraha la kichwa, homa ya uti wa mgongo, mateso ya kuzaliwa, mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia ubongoni, au urithi. Hata hivyo bromidi ilisaidia kweli, kwa njia ambayo Locock hakuijua, na kwa miaka zaidi ya hamsini ndiyo iliyokuwa dawa. Hasara zake nazo zilikuwa kubwa. Mgonjwa alitokwa na vipele vibaya usoni, akawa mzito wa akili, akasahau, akayumba kama mlevi. Na sifa yake ya kuua uanaume haikufutika tena. Katika vita vikuu vyote viwili askari wa Kiingereza walinong'onezana kwamba wakubwa wao huwatilia bromidi katika chai ili wasiwaze wanawake. Hapana ushahidi wowote uliopata kutolewa kuthibitisha jambo hilo, lakini askari wa kila nchi atatambua mara moja mahali maneno kama hayo yazaliwapo, yaani jikoni, kwenye foleni ya chai.

Tunasema haya ili ieleweke kwamba mashaka ya wanaume juu ya dawa za kifafa hayakuanza jana wala hayakuanza Afrika. Dawa ya kwanza kabisa ya kufaa ilichaguliwa kwa sababu tu ilisemekana humlegeza mwanamume.

Turudi Freiburg. Mwaka 1912 kiwanda cha Bayer kilitoa dawa mpya ya usingizi kwa jina la Luminal. Sisi huijua zaidi kwa jina la fenobabitoni. Wasimulizi wa historia ya uganga husema kwamba Hauptmann, akiwa mganga kijana, alilala karibu na wodi na usiku kucha alisumbuliwa na makelele ya wagonjwa walioanguka. Akawapa Luminal wapate kulala, naye apate kulala. Aliloliona lilimstaajabisha. Si usiku peke yake uliotulia, bali na mchana pia. Wagonjwa walioanguka mara nyingi kwa juma, ambao bromidi nyingi haikuwafaa, wakaanza kupitisha siku bila kuanguka. Mtu mwingine angeshukuru kwa usingizi wake akanyamaza. Hauptmann aliandika hesabu ya kila mgonjwa, akapunguza bromidi pole pole, akatazama, kisha akachapisha. Kwa maoni yetu sifa yake yote imo katika kuhesabu huko, kwa kuwa bahati huwapitia wengi.

Hapa tuyaache maisha yake kidogo, tulitazame swali la makambini.

Mtu anapouliza kama dawa inaua uanaume, huwa anachanganya mambo matatu katika neno moja. Yako mambo ya hamu, yako ya nguvu ya kitendo, na yako ya mbegu zenyewe, kama zapatikana za kutosha, kama zaogelea vizuri, na kama zina umbo lake. Mtu aweza kupungukiwa na moja na asipungukiwe na mengine. Mwenye hamu kubwa na nguvu tele aweza kuwa na mbegu chache, na mwenye mbegu njema aweza kukosa hamu kwa miezi mingi.

Fenobabitoni hulichochea ini. Ini likichochewa hutengeneza kwa wingi vimeng'enya vya kuvunja dawa, na vimeng'enya hivyo havichagui, huvunja na homoni za mwili pamoja na dawa. Zaidi ya hayo, ini hutoa kwa wingi protini fulani ielekayo katika damu ambayo huishika homoni ya kiume, testosteroni, na kuifungia. Hivyo mtu aweza kupimwa damu na kukutwa na testosteroni ya kutosha kwa jumla, kumbe ile iliyo huru kufanya kazi ni kidogo. Ni kama bohari lililojaa risasi ambalo ufunguo wake umepotea. Fenitoini, iliyovumbuliwa kuwa dawa ya kifafa mwaka 1938 na waganga Merritt na Putnam mjini Boston, hufanya hivyo hivyo, na kabamazepini iliyofuata baadaye ni ya ukoo huo huo. Baadhi ya wanaume wanaozitumia kwa miaka mingi huona hamu imepungua au nguvu zimelegea. Baadhi, si wote; na wengi wa wanaume wanaomeza vidonge hivi huoa na kuzaa watoto kama wengine.

Dawa ya valproeti ina njia yake nyingine. Nguvu zake dhidi ya kifafa ziligunduliwa huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1962, kwa bahati, maana ilikuwa ikitumiwa tu kama maji ya kuyeyushia vitu vingine vilivyokuwa vikijaribiwa. Yenyewe hailichochei ini kama fenobabitoni, lakini kwa baadhi ya wanaume imeonekana kupunguza idadi ya mbegu, kuzifanya ziogelee kwa ulegevu, na kuziharibu umbo. Habari njema ni kwamba mara nyingi hali hiyo hurekebika dawa inapobadilishwa au kipimo kinapopunguzwa na mganga. Mbegu ya kiume huchukua kama siku 74 kutengenezwa, na siku nyingine chache kusafiri hadi kukomaa, kwa hiyo matokeo ya mabadiliko yoyote yasitazamwe kabla ya miezi mitatu. Mtu anayebadilishiwa dawa leo na kulalamika baada ya juma mbili hajaupa mwili wake nafasi.

Mwezi Januari 1924 hapangekuwa na mtu wa kuuliza juu ya baba. Januari 2024, miaka mia moja baadaye, Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa tahadhari juu ya baba. Uchunguzi uliofanywa katika nchi za Denmark, Sweden na Norway ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 ambao baba zao walitumia valproeti katika miezi mitatu kabla ya mimba kutungwa, kama watano walikuwa na matatizo ya kukua kwa akili na mwenendo, hali katika watoto wa baba waliotumia lamotrijini au levetirasetamu walikuwa kama watatu. Uchunguzi mwingine wa Denmark uliochapishwa mwaka huo huo haukuiona tofauti hiyo. Wanachuoni, kwa hiyo, hawajakubaliana, na shirika lenyewe lilisema hatari hiyo haijathibitika bali yawezekana. Kwa upande wa mama hapana ubishi wowote, kwa kuwa valproeti wakati wa mimba huleta madhara mazito kwa mtoto, nayo ni makubwa kuliko hayo ya baba kwa mbali sana. Mashauri kwa wanaume ni kwamba mwenye kutumia dawa hiyo azungumze na mganga wake kabla ya kutafuta mtoto, atumie kinga ya uzazi hadi atakapopata shauri, na asiiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Hilo la mwisho ndilo tunalotaka lisikike hata na yule anayesoma ukurasa huu akiwa amesimama. Fenobabitoni ikikatwa ghafula, ubongo uliozoea kutulizwa huasi. Mtu aliyekuwa akianguka mara moja kwa mwezi aweza kuanguka mfululizo, degedege moja likifuata jingine bila kuzinduka katikati, na hiyo ni hali ya kufisha. Dawa huachwa kwa ngazi, kidogo kidogo, kwa majuma au miezi, au hubadilishwa kwa nyingine inayoingia huku ya kwanza ikitoka. Lamotrijini, kwa mfano, haizigusi sana homoni za kiume, lakini huongezwa pole pole mno, la sivyo huleta ugonjwa mbaya wa ngozi.

Tena si haki kuitwika dawa mzigo wote. Kifafa chenyewe, hasa kile kinachoanzia upande wa ubongo ulio karibu na sikio, hupunguza hamu hata kwa mtu ambaye hajapata kumeza kidonge. Hofu nayo ina sehemu yake. Mume anayechelea kuanguka kifuani pa mkewe hatakuwa na nguvu, hata kama damu yake imejaa homoni. Pombe hupunguza mbegu na wakati huo huo huamsha kifafa. Kukesha huamsha kifafa pia, na hapa askari yuko katika shida kuliko mkulima, kwa sababu zamu ya usiku ni sehemu ya kazi yake. Mtu mwenye kifafa asipangiwe lindo la usiku mfululizo, wala asikabidhiwe usukani au silaha kabla mganga hajatoa ruhusa. Mkuu wa kikosi anayeyajua haya huweza kumpatia kazi ya stoo au ya ofisini, naye akatumika vizuri miaka mingi.

Askari wa Rusizi mwenye wasiwasi wa uzazi anazo hospitali za Gihundwe na Mibilizi za kuanzia, na akihitaji zaidi atapewa barua ya kwenda mbele. Aende na mkewe. Shahawa hupimwa kwa darubini, si kwa uvumi; na mara nyingi hugunduliwa kwamba sababu ya kukosa mtoto haihusiani na kifafa kabisa, ni ugonjwa wa zinaa wa zamani ulioziba mirija, au iko upande wa mke, au kwa wote wawili.

Sasa turudi kwa mwenye kisa. Miaka miwili baada ya kurasa zake kuchapishwa, vita vikuu vya kwanza vilianza. Wajerumani na Wabelgiji walipigana katika Ziwa Kivu na kando ya mto Rusizi, na mwezi Aprili 1916 Wabelgiji wakavuka na kuitwaa Shangugu. Kandt hakuwako tena Rwanda. Alifia katika hospitali ya kijeshi mjini Nürnberg mwaka 1918. Hauptmann alitumikia jeshi kama mganga, akawaona vijana waliotetemeka bila jeraha, walionyamaza wasiweze kusema, walioanguka wakikakamaa kwa sababu ya mabomu. Vita vilizuia pia habari za dawa yake kuenea. Waingereza na Wamarekani hawakuipokea sawasawa mpaka vita vilipokwisha, na katika miaka ya 1920 ndipo ilipoanza kuisukuma bromidi pembeni katika hospitali zao.

Cheo chake kilipanda. Mwaka 1926 aliitwa Halle kuwa profesa kamili na mkuu wa hospitali ya chuo kikuu ya magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu. Alikuwa na umri wa miaka 45. Kwa hesabu ya kawaida angemaliza kazi yake hapo kwa heshima na kustaafu.

Lakini mwalimu wake wa Freiburg, yule Alfred Hoche, alikuwa ameandika mwaka 1920 kitabu pamoja na mwanasheria Karl Binding. Katika kitabu hicho walidai kwamba wako binadamu ambao maisha yao hayana thamani, na kwamba dola iruhusiwe kuyakatiza. Ni jambo gumu kulielewa, kwamba katika hospitali moja, chini ya dari moja, kijana alihesabu kwa uvumilivu siku ambazo mgonjwa hakuanguka, na mkubwa wake akawa anaelekea kwenye mawazo ya kumhesabu mgonjwa yule yule kuwa mzigo. Kitabu kilisomwa sana. Mbegu yake ikaota.

Tarehe 14 Julai 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuzuia kuzaliwa kwa watoto wenye magonjwa ya urithi. Kati ya magonjwa yaliyotajwa ndani ya sheria hiyo kilikuwamo kifafa cha urithi. Kuanzia Januari 1934 waganga waliamriwa kuwataja wagonjwa wao, mahakama maalumu za afya ya urithi zikakaa, na mtu aliyehukumiwa alipelekwa hospitali kukatwa mirija ya uzazi, hata kwa nguvu za polisi ikibidi. Watu wapatao 400,000 walifanyiwa hivyo kabla ya utawala ule kuanguka mwaka 1945, wanaume na wanawake, na maelfu ya wenye kifafa walikuwa miongoni mwao. Wako waliokufa kwa upasuaji, wengi wao wanawake. Kwa mwanamume kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache, na akatoka pale akiwa na hamu yake, na nguvu zake, na homoni zake zote kamili, bila mtoto milele.

Tuliweke hili kando ya yale tuliyoyasema juu ya vidonge. Dawa inaweza kumpunguzia mtu mbegu, na mganga akaibadilisha, na baada ya miezi mitatu mambo yakarekebika. Ile haikurekebishika. Wala ushahidi wa kwamba kifafa cha mtu fulani kilikuwa cha urithi haukuwa na uzito. Aliyejeruhiwa kichwa utotoni akasahau aliweza kuhukumiwa sawa na mwingine. Na si Ujerumani peke yake. Majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na sheria za namna hiyo, jimbo la Indiana likiwa la kwanza mwaka 1907, na katika majimbo kadhaa mwenye kifafa alikatazwa hata kuoa. Jimbo la mwisho lilifuta katazo la ndoa mwaka 1980. Polisi walioagizwa kuwakamata wagonjwa na kuwapeleka kwenye kisu walikuwa watu wa kawaida wenye amri mkononi. Hapa Cyangugu, palipo na uwanja wa Kamarampaka ambamo watu walikusanywa mwaka 1994 na kutolewa kwa majina kwenda kuuawa, hatuhitaji kuwaeleza wasomaji wetu maana ya orodha iliyoandikwa na serikali.

Hauptmann mwenyewe alikuwa katika orodha nyingine. Sheria ya Aprili 1933 iliwatoa Wayahudi katika utumishi wa serikali, ila waliokuwa wamepigana vitani walibakizwa kwanza. Mwaka 1935 msamaha huo ukafutwa na sheria za Nürnberg, na profesa wa Halle akaondolewa kazini. Akarudi Freiburg, mji wa ujana wake, akakaa kimya. Usiku wa Novemba 1938 masinagogi yalipochomwa nchi nzima, wanaume wa Kiyahudi wapatao 30,000 walikamatwa na kupelekwa makambini. Hauptmann, mwenye umri wa miaka 57, alipelekwa Dachau. Alipoachiliwa alijua kwamba hapana la kungoja, akaihama nchi, na mwaka 1939 alikuwa Marekani, mjini Boston, mji ule ule ambamo fenitoini ilikuwa imetoka kuvumbuliwa mwaka mmoja nyuma.

Yaliyotokea Ujerumani nyuma yake hayasimuliki kwa wepesi. Tangu vita vilipoanza, dola lililokuwa likiwakata wagonjwa lilianza kuwaua. Mojawapo ya mahali pa mauaji hayo palikuwa Bernburg, mji ulio karibu na Halle. Na katika hospitali nyingine, hasa zile za watoto, waganga hawakutumia gesi. Walitumia Luminal. Kipimo kikazidishwa kidogo kila siku kwa mtoto asiyepewa chakula cha kutosha, mpaka mapafu yakajaa, na katika cheti ikaandikwa kwamba amekufa kwa kichomi. Dawa ile ile iliyowatuliza wagonjwa wa Freiburg mwaka 1912, kutoka kiwanda kile kile, ndiyo iliyofanywa silaha. Tulifikiri kuliacha jambo hili, kwa kuwa hatupendi mgonjwa yeyote akiogope kidonge chake. Tumeliandika kwa sababu askari anajua kwamba chombo hakina kosa, bunduki hailindi wala haiui kwa nia yake, na asiyelijua hilo hafai kukabidhiwa.

Boston haikumpa Hauptmann cheo alichokuwa nacho Halle. Alikuwa mkimbizi mzee mwenye lugha ya kigeni. Alipata kazi hospitalini, na huko alikutana na mganga mwenzake Siegfried Thannhauser, naye Myahudi aliyefukuzwa Freiburg. Mwaka 1941 hao wawili waliandika habari za ukoo mmoja ambao watu wake walizaliana na ugonjwa wa misuli, viwiko vikikunjika na shingo ikikakamaa, ugonjwa uliopita toka mzazi hadi mtoto. Ugonjwa ule waganga wameuita kwa majina yao wawili. Kwa hiyo mtu aliyefukuzwa na dola lililojidai kuulinda urithi wa damu alimalizia kazi yake akichunguza ugonjwa halisi wa urithi, kwa utulivu, bila kumkata mtu yeyote.

Alifariki mjini Boston tarehe 5 Aprili 1948, akiwa na umri wa miaka 66. Hakurudi kuishi Ujerumani.

Dawa yake imemzidi umri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mganga wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanzania, mahali ambapo wagonjwa walitengwa, wakalala peke yao, wakala katika chombo chao, na waliokuwa wakianguka motoni hawakuguswa kwa kuogopwa povu la mdomoni, ingawa povu hilo haliambukizi chochote. Aliwapa fenobabitoni, na watu waliokuwa wametupwa wakaanza kurudi mashambani mwao. Mpaka leo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, na kwa kuwa ni rahisi kuliko zote, ndiyo ambayo mgonjwa maskini huanza nayo, yule anayesema kifafa, na yule ambaye nyumbani kwao Rusizi huitwa mwenye igicuri.

Huko Ujerumani, hukumu za zile mahakama za afya ya urithi zilibaki katika vitabu miaka mingi baada ya vita. Bunge lilizibatilisha kwa sheria mwaka 1998. Wanaume waliokuwa wamekatwa wakiwa vijana, wale wachache waliokuwa hai, walikuwa wamekwisha kuwa wazee.